Cheti Hakibebi Dhima

Mwezi Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, katika kitongoji cha Baldia jijini Karachi, kilipata cheti cha SA8000. Utaratibu huo wa vyeti ulianzishwa mwaka 1997 na shirika lenye makao New York, na anayepewa cheti hicho huhesabiwa kuwa amethibitishwa: mahali pake pa kazi ni salama, haajiri watoto, analipa mishahara inavyopasa na hawakeshezi wafanyakazi wake kinyume cha sheria. Kampuni iliyokitoa ilikuwa ya Italia. Tarehe 11 Septemba, wiki chache baadaye, moto ulishika kiwandani humo na watu zaidi ya 250 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo. Milango ya kutokea ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na waliokuwa ghorofani wakabanwa kati ya moshi na vyuma. Sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikishonwa pale ilikuwa jinzi za KiK, kampuni ya Ujerumani inayouza nguo za bei ya chini.

Kwamba cheti kile kilisema uongo, hakuna anayebisha. Suala gumu liko mbele yake. Mwenye kiwanda alishona alichoagizwa. Mkaguzi alijaza fomu aliyopewa. Kampuni ya vyeti ilipokea ripoti ikagonga muhuri. Mnunuzi aliyeko Ujerumani aliuona muhuri akalipa bei waliyokubaliana, na mteja akaingia dukani akachukua suruali. Kila mmoja akihojiwa peke yake anaweza kusema, tena kwa ukweli, kwamba hakumuua mtu. Sasa, dhima inayopita katika mikono mingi namna hii huenda wapi? Je, hugawanyika vipande vidogo mpaka ikaisha, kama wanavyopenda kuamini wale waliomo ndani ya mnyororo huo wa biashara? Ninashikilia kwamba haiishi wala haigawanyiki. Dhima inamkaa kila aliyekuwa na uwezo wa kuufungua mlango ule na akanufaika kwa kufungwa kwake, na inamkaa yote, hata kama wenzake ni wengi. Karatasi haiwezi kuihamisha.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili jibu la uangalifu, kwa sababu limetoka mahakamani. Mwaka 2020 mahakama ya kesi za ugaidi ya Karachi iliamua kwamba moto ule ulitiwa makusudi na watu waliokuwa wakimdai mwenye kiwanda fedha kwa vitisho, na wawili wakahukumiwa kifo. Ikiwa muuaji amepatikana, tunamtafutia nini mnunuzi wa jinzi? Wanazuoni wa fiqhi waliijua hoja hii karne nyingi kabla ya viwanda. Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa na Dola ya Uthmaniyya kati ya 1869 na 1876 kwa msingi wa madhehebu ya Hanafi, una kanuni inayotofautisha mtendaji na msababishaji: wawili hao wakikutana katika jambo moja, hukumu humwendea mtendaji. Mfano wake ni wa kisima. Mtu amechimba kisima katika njia ya watu, akaja mwingine akamtumbukiza humo mnyama wa jirani. Anayelipa ni yule aliyetumbukiza, si mchimbaji. Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii, lakini mantiki hii haiwi ngeni kwao, na kwa kweli si ngeni kwa mahakama yoyote duniani. Kwa kanuni hiyo Karachi ina watendaji wake, na waliobaki wote ni wachimba visima.

Lakini tuutazame mfano wenyewe kwa makini. Kanuni inamwachilia mchimbaji pale tu ambapo maangamizi yote yameletwa na mkono wa mwingine. Mnyama angetumbukia mwenyewe, bila kusukumwa, aliyechimba njiani bila idhini angelipa, maana alikuwa amevuka mpaka. Sasa turudi Baldia. Siku ile yalitokea mambo mawili, si moja: moto uliwaka, na watu wakashindwa kutoka. La kwanza lina mtu aliyelitenda kwa mkono wake. La pili lilikuwa limekwisha kutendwa miezi na miaka kabla, na yeyote aliyetia nondo, aliyefunga kufuli ili nguo zisiibwe, na aliyepita pale na kalamu akaandika kuwa hali ni njema. Viwanda huungua kila mwaka kwa hitilafu ya umeme, kwa sigara, kwa chuki. Palipo na milango, hasara huwa ya mali. Aliyewasha kiberiti anabeba dhambi ya moto, na pengine ya kila roho iliyopotea. Hilo halimwondolei aliyefunga mlango dhambi ya mlango.

Torati inalisema hili kwa namna ambayo sijaona sheria ya kisasa ikiifikia kwa ufupi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba mpya anaamriwa kuzungushia dari lake ukuta, asije akailetea nyumba yake damu mtu akianguka kutoka juu. Kilichonivuta katika agizo hili ni yale lisiyoyauliza. Haliulizi aliyeanguka alikuwa amelewa au la. Haliulizi kama alisukumwa, wala kama mwenye nyumba alikuwepo. Damu inahesabiwa juu ya nyumba kwa sababu mwenye dari alijua kwamba juu ya dari watu hutembea na kwamba watembeao huanguka. Hatari inayojulikana huzaa wajibu kabla ya ajali, na wajibu huo haumngojei mwovu atakayekuja kuitumia hatari hiyo.

Mtu wa KiK, au wa kampuni nyingine yoyote ya aina yake, atajibu kwamba dari si lake. Hana hisa katika kiwanda, hamwajiri fundi hata mmoja, ananunua bidhaa iliyomalizika kama mtu anunuavyo mchele sokoni. Hapa ndipo inapobidi kutazama jinsi oda ya nguo inavyofanya kazi, maana haifanani hata kidogo na kununua mchele. Mnunuzi mkubwa haendi sokoni kutazama kilichopo. Anatuma mchoro, kipimo cha uzi, rangi, idadi, bei ya kipande na tarehe ya meli. Oda hiyo huipeleka kwa viwanda kadhaa na kumchukua atakayekubali bei ya chini kabisa. Akibadilisha rangi katikati ya kazi, tarehe ya meli haibadiliki. Shehena ikichelewa, mara nyingi mwenye kiwanda anakatwa fedha, au analazimika kusafirisha kwa ndege kwa gharama yake, na nauli hiyo moja inaweza kumlia faida yote. Mwenye kiwanda anayejua haya atakata wapi? Pamba ina bei yake, umeme una bei yake, benki haipunguzi riba. Kinachoweza kubanwa ni saa za fundi cherehani, mshahara wake, na zile gharama ambazo hazionekani katika suruali: ngazi ya pili ya kutokea, nguzo imara, mlinzi wa kukaa mlangoni badala ya kufuli. Mnunuzi hakuutia ule mlango kufuli kwa mkono wake, lakini alipanga hesabu ambayo ndani yake kufuli ndilo jibu rahisi kuliko yote.

Ushahidi wa hili uko Savar, nje kidogo ya Dhaka, katika jengo la Rana Plaza. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana katika nguzo na kuta za jengo hilo la ghorofa nane, ambalo baadhi ya ghorofa zake ziliongezwa bila kibali. Mhandisi aliyeitwa alisema watu watoke. Katika ghorofa za chini palikuwa na maduka na tawi la benki; juu palikuwa na viwanda vitano vya nguo. Asubuhi ya tarehe 24 wafanyakazi wa benki hawakurudi, waajiri wao walikuwa wamewaambia wakae nyumbani. Mafundi wa nguo walirudi, wakiwa wametishwa kwamba asiyeingia atapoteza mshahara. Umeme ulikatika, jenereta zilizowekwa juu zikawashwa, na jengo likaporomoka kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Walikufa watu 1,134. Nyufa zilikuwa zilezile, maneno ya mhandisi yalikuwa yaleyale, nchi na sheria zake ni zilezile, na hakuna sababu ya kufikiri kwamba wenye benki walikuwa na huruma kuliko wenye viwanda. Tofauti ni kwamba benki haikuwa na meli ya kuiwahi. Anayesema kwamba tatizo ni ufisadi wa Bangladesh tu, na ufisadi ulikuwepo, bado hajaeleza kwa nini ufisadi huo uliwaua wa ghorofa za juu ukawaacha wa chini.

Ndiyo maana cheti kinanitia wasiwasi kuliko ukatili wa wazi. Ukaguzi wa kijamii, kama unavyofanyika mahali pengi, huwa hivi: kiwanda chenyewe ndicho kinachomlipa mkaguzi, na mara nyingi kinajua siku atakayofika. Mkaguzi ana siku moja au mbili. Anatazama tarehe kwenye mitungi ya kuzimia moto, anahesabu vyoo, anafungua daftari la mishahara ambalo huenda lina pacha wake kabatini, anawahoji mafundi wachache ambao wamekwisha kufundishwa la kusema na ambao msimamizi anawajua kwa majina. Kufuli lililofunguliwa asubuhi ya ukaguzi hurudishwa jioni. Baadhi ya viwanda vya Rana Plaza navyo vilikuwa vimekaguliwa chini ya mpango wa wafanyabiashara wa Ulaya, na baada ya maafa ikaelezwa kwamba ukaguzi ule haukuhusu uimara wa jengo. Maelezo hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayotisha. Fomu ilipangwa na watu waliojua kwamba mafundi hufanya kazi ndani ya majengo, na jengo likaachwa nje ya fomu. Katika Injili, Pilato alitaka maji ya kunawa mikono mbele ya umati. Soko la vyeti huyauza kwa ankara. Simaanishi kwamba kila mkaguzi ni tapeli. Wapo wenye nia njema, na wapo waliookoa watu. Namaanisha kwamba chombo chenyewe, kwa jinsi kilivyoundwa, kinamlinda anayenunua nguo vizuri zaidi kuliko anayezishona.

Pingamizi la pili ni la ujinga: kampuni yenye wauzaji mamia, na kila muuzaji akiwa na wakandarasi wake, haiwezi kujua. Hili lilijibiwa kwa vitendo ndani ya miezi michache. Mwezi Mei 2013, vifusi vya Savar vikiwa bado vinafukuliwa, kampuni za nguo zilitia saini na vyama vya kimataifa vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, mkataba wa usalama wa moto na majengo ya Bangladesh. Baadaye waliotia saini walizidi 200. Mkataba ule ulikuwa na nguvu ya kisheria, wahandisi wake hawakulipwa na viwanda, ripoti zao zilichapishwa hadharani, na mnunuzi alilazimika kuhakikisha kwamba fedha za matengenezo zinapatikana. Wahandisi walipoingia katika viwanda zaidi ya elfu moja walikuta makumi ya maelfu ya kasoro: nyaya wazi, milango ya kufuli, nguzo zilizobebeshwa uzito kupita kiasi. Baadhi ya majengo ilibidi yahamwe mara moja. Kasoro hizo hazikuota baada ya Rana Plaza. Zilikuwepo wakati vyeti vikigongwa, na zilionekana mara tu alipotumwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuziona. Asiyejua kwa sababu amelipa asijue hawezi kuuweka ujinga wake mizani moja na ujinga wa kweli.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watu ninaowaheshimu, wengi wao wachumi wa nchi maskini. Wanasema kazi mbaya ni bora kuliko njaa. Kwamba msichana wa kijijini aliyeingia kiwandani Dhaka kwa mshahara wa kima cha chini wa taka 3,000 za Bangladesh kwa mwezi, kama ulivyokuwa mwaka 2013, aliukimbia umaskini mbaya zaidi. Na kwamba masharti yakizidi, oda zitahamia kwingine. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli na haipasi kudharauliwa. Sehemu ya pili imekwisha kupimwa. Mauzo ya nguo ya Bangladesh nje ya nchi yalikuwa takriban dola bilioni 21 katika mwaka wa fedha 2012/13, na kufikia 2021/22 yalikuwa yamepita bilioni 40, katika miaka ileile ambayo wahandisi walikuwa wakifunga majengo na kudai ngazi mpya. Sidai kwamba usalama ndio uliokuza biashara. Nadai tu kwamba hofu ya kukimbiwa haikutimia. Na hata kama ingekuwa na ukweli fulani, mtu kukubali kazi ya hatari kwa sababu ya njaa hakumpi mwajiri wala mnunuzi haki juu ya roho yake. Mwenye shida akikukopa, shida yake haihalalishi riba. Vitabu vyote vya dini vinavyosomwa katika nchi zetu vimelikataa hilo kwa ukali, na sioni kwa nini tuwe wepesi zaidi pale ambapo rehani ni maisha.

Limebaki pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote, la udogo. Familia za Kongo ambazo watoto wao walikufa au kulemaa katika machimbo ya kobalti zilifungua kesi Marekani mwaka 2019 dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla. Kobalti nyingi ya dunia, kama asilimia 70, hutoka Kongo, na maeneo yake ya Kolwezi na Lualaba yanazungumza Kiswahili. Mchimbaji mdogo anayeshuka kwa kamba katika shimo lisilo na nguzo humwita mwenzake kwa lugha hii tunayosoma. Mwezi Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Washington iliwakatalia. Kwa ufupi ilisema kwamba kununua kiasi kisichojulikana cha kobalti kupitia mnyororo wa dunia si kushiriki katika ubia na wale wanaowatumikisha watoto. Kama tafsiri ya sheria iliyokuwa mbele yao, huenda majaji walisoma sawasawa. Kama maelezo ya maadili, ni maelezo ya dunia isiyo na mtu. Mwanafalsafa wa Marekani Iris Marion Young, aliyefariki mwaka 2006, alijaribu kutoka katika kona hii kwa kusema kwamba wote waliomo katika mfumo unaodhulumu wana jukumu la kuubadilisha, hata kama hawana hatia ya lililopita. Wazo lake limenisaidia, ila naona limekuwa jepesi kwa walio karibu. Mteja wa suruali moja na kampuni iliyonunua sehemu kubwa ya kazi ya kiwanda hawawezi kuambiwa kwamba wote wawili wana jukumu la kesho tu.

Dini imelifikiria suala la udogo kwa njia nyingine, na kila aliyehudhuria mazishi katika mji wa Waislamu ameiona ikifanya kazi. Kumuosha, kumkafini, kumswalia na kumzika maiti ni faradhi kifaya. Wachache wakisimama kuitekeleza, wengine wote wamesalimika. Asiposimama yeyote, mji mzima umekosa, na hakuna atakayesema dhambi yake ni moja ya elfu ishirini kwa kuwa wakazi ni elfu ishirini. Idadi ya watu haiipunguzi dhambi. Inaongeza tu walioibeba. Tena wanazuoni wanaeleza kwamba mwenye ujuzi na uwezo, asipokuwepo mwingine wa kuitenda, faradhi hiyo humgeukia yeye binafsi. Huo ndio mpangilio unaofaa kwa minyororo ya biashara. Mteja wa kawaida yumo katika faradhi ya wote: ana wajibu wa kuuliza, kuunga mkono sheria, kuwasikiliza wanaolalamika. Mnunuzi ambaye oda yake ndiyo uhai wa kiwanda ni yule mwenye uwezo pekee, na kwake wajibu umekuwa wa lazima binafsi. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2017 na ya Ujerumani iliyoanza kazi Januari 2023, ambazo zinazidai kampuni kubwa zichunguze hatari katika minyororo yao, zinaelekea huko, ijapokuwa kwa mwendo wa kusitasita.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam asidhani kwamba haya ni mashtaka dhidi ya Wazungu. Shati lililoshonwa Dhaka huvaliwa Hamburg, likachakaa kidogo, likafungwa katika beli ya mitumba na kufunguliwa Gikomba au Ilala. Sisi tumo katika mnyororo uleule, mwishoni mwake. Na tuna madari yetu wenyewe. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo mnamo Novemba 2024, katika soko ambalo nusu ya kanda hii hununua bidhaa zake, watu zaidi ya 20 walikufa chini ya maduka. Maswali yaliyopasa kuulizwa pale ni yaleyale ya Savar: nani aliidhinisha, nani alikagua, nani alikuwa akipokea kodi ya pango, na nani aliona akanyamaza.

Mwaka 2015 watu wanne wa Karachi, mmoja aliyenusurika na watatu waliofiwa, waliishtaki KiK katika mahakama ya Dortmund. Januari 2019 kesi yao ilitupwa: kwa sheria ya Pakistani, iliyotumika katika shauri hilo, muda wa kudai ulikuwa umepita. Ukomo wa muda una hekima yake. Mashahidi hufa, nyaraka hupotea, na watu hawawezi kuishi na kesi milele. Lakini unaeleza tu mahakama inaweza nini. Katika imani ambayo wengi wa waliofia Baldia waliishi nayo, haki ya mja haipitwi na wakati. Mwenyezi Mungu husamehe yaliyo kati yake na mja wake, na yaliyo kati ya mja na mja humwachia aliyedhulumiwa. Iko hadithi maarufu ya mtu aliyefilisika kweli, anayefika Siku ya Kiyama na swala na saumu na zaka zake zote, kisha wanajitokeza aliowapiga, aliowalia mali na aliomwaga damu zao, na mema yake yanagawiwa kwao hadi yanakwisha. Ripoti za mwaka za uwajibikaji, zenye picha za mafundi wanaotabasamu, zingepimwa kwa mizani hiyo. Mwaka 2016, kwa usuluhishi wa Shirika la Kazi Duniani, KiK ilikubali kutoa zaidi ya dola milioni 5 kwa ajili ya waathirika, na baadaye wajane na wazazi wakaanza kupata malipo ya kila mwezi. Fedha hizo zilikuwa za haki na zilihitajika. Lakini kule Dortmund, suala la nani alikuwa na wajibu juu ya milango ile halikufika hata kuamuliwa.